Mtoto Aliyesomea Mezani kwa Baba

Juzi mjomba alikuja nyumbani na shauri lake. Mdogo wangu wa darasa la sita atolewe shule, nimfundishe mimi, kwani nimemaliza kidato cha nne na kazi yangu ni kuandika riwaya zisizo na mchapishaji. Shule siku hizi kelele tupu, alisema. Watoto wanafundishana matusi na utoro. Sikubisha. Mimi mwenyewe nilipoteza mwaka mzima nyuma ya darasa nikicheza karata. Nikaomba muda wa kufikiri, na katika kufikiri nikamkumbuka John Stuart Mill.

Alizaliwa London mwaka 1806, wa kwanza kati ya watoto tisa. Baba yake, James Mill, hakumpeleka shule. Alimfundisha mwenyewe: Kigiriki akiwa na miaka 3, Kilatini akiwa na miaka 8. Meza ilikuwa moja. Upande huu mzee anaandika historia yake ndefu ya India, iliyotoka mwaka 1817. Upande ule mtoto anahangaika na Kigiriki. Kamusi za Kigiriki zilieleza maneno kwa Kilatini, lugha ambayo mtoto alikuwa hajaijua, hivyo kila neno gumu alimuuliza baba. Mzee hakuwa mtu wa subira hata kidogo, lakini alijibu. Mimi redio ya jirani tu inanishinda! Asubuhi walitembea pamoja, mtoto akisimulia aliyosoma jana huku akitazama vikaratasi vyake.

Likizo hakuna, asije akaonja uvivu. Watoto wa nje aliwekwa mbali nao, wasije wakamwambukiza tabia zao. Hapo nilimsikia mjomba kabisa.

Kuna jambo jingine lililonigusa. Mtoto huyo alitakiwa kuwafundisha wadogo zake, na wasipojua somo, yeye ndiye wa kujibu. Kazi hiyo aliichukia.

Elimu ilikuwa kubwa, hilo halina ubishi. Akawa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Uingereza. Lakini mwaka 1826, akiwa na miaka 20 tu, alijiuliza: mabadiliko yote ninayoyapigania yakitimia leo, nitafurahi? Moyo ukajibu hapana. Akaishi gizani miezi mingi, bila mtu wa kumwambia. Baba ndiye angekuwa wa mwisho kuelewa. Kilichoanza kumfungua ni kitabu cha Mfaransa Marmontel, pale mwandishi anaposimulia kifo cha baba yake. Mill alilia. Yasemekana mengi kuhusu machozi hayo. Mimi naona kijana aliyejua kuchambua kila kitu isipokuwa kulia.

Yote haya aliyaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1873, mwaka aliofariki. Mama yake karibu hayumo. Mama wa watoto tisa!

Kwa hiyo Jumapili nitamwambia mjomba hivi: jioni nitamfundisha mdogo wangu, na kwa bidii, lakini asubuhi aende shule. Wale wacheza karata wa nyuma ya darasa ndio waliosoma hadithi yangu ya kwanza, wakaichekea mahali pasipochekesha, nikaiandika upya.

Mdogo wangu naye nilimuuliza. Alikuwa na swali moja tu:

"Kaka, nikitoka, nani atadaka golini?"