Vifaru 996 wa Makueni

Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946, mzungu mmoja aliua vifaru 996 katika nyika ya Makueni, mashariki ya vilima vya Kilungu. Hakuwa jangili. Alikuwa mtumishi wa Idara ya Wanyamapori ya serikali ya kikoloni, na kazi hiyo ilikuwa na idhini kamili kutoka Nairobi. Jina lake lilikuwa John Alexander Hunter, Mskoti aliyefika Kenya mwaka 1908.

Anayetaka kuielewa historia ya utalii wa wanyama kati ya Nairobi na Mombasa aanzie hapo. Simulizi tulizozoea huanza na simba wa Tsavo wa 1898, zikaruka hadi kwenye hoteli za Diani na Malindi, na katikati huwa wanatajwa wazungu waliowapenda wanyama. Wakamba wa Kilungu, Mbooni na Nzaui hawatajwi, wakati njia yenyewe inapita chini ya vilima vyao.

Kilungu ni nchi ya mwinuko, ya ukungu wa asubuhi, yenye mashamba yaliyochimbwa matuta hadi karibu na kileleni. Kutoka Nunguni, huko juu vilimani, ukiteremka unafika Salama, kwenye barabara kuu ya Mombasa, na mbele kidogo ni Sultan Hamud, stesheni iliyopewa jina la Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Wakati huo huo Ukambani kulikuwa na njaa kali ambayo wazee waliiita Ngomanisye, na watu wengi waliteremka kutoka vilimani kuifuata reli, maana ndiko mchele wa msaada ulikopita.

Waliopanda treni hiyo baadaye walikuwa na shida tofauti: wapige risasi upande gani. Kusini mwa reli serikali ilikuwa imetenga hifadhi kubwa isiyoruhusiwa kuwindwa, kwa hiyo abiria walikaa dirishani wakihesabu pundamilia na nyumbu wa nyanda za Kapiti kama watu wanaotazama sinema. Winston Churchill alipita mwaka 1907, akashuka Simba, stesheni iliyo mbele ya Emali, kuwinda. Aprili 1909 akaja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, akapanda kiti kilichofungwa mbele ya injini ili asipitwe na kitu. Nadhani hiyo ndiyo safari ya kwanza ya kutalii wanyama ya aina tunayoijua sasa: mgeni mashuhuri, chombo kinachokwenda, na mandhari inayopita. Tofauti ni kwamba alipofika Kapiti alishuka na bunduki. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500 kabla ya kurudi kwao.

Misafara hiyo iliwategemea Wakamba. Walikuwa wawindaji wa mishale na wafanyabiashara wa pembe za ndovu tangu karne ya 19, wakisafiri hadi pwani, na waliijua nyika kuliko mtu yeyote. Wakawa wasoma nyayo, wabeba bunduki na wachunaji ngozi. Philip Percival, aliyewaongoza wageni wakubwa, akiwemo Ernest Hemingway mwaka 1933, alikuwa na shamba lake karibu na Machakos. Ni haki kusema kwamba ustadi uliouzwa kwa jina la mzungu ulikuwa kwa sehemu kubwa wa Mkamba. Cha ajabu ni kwamba Mkamba huyo huyo akiwinda kwa ajili ya chungu chake aliitwa jangili.

Kufikia miaka ya 1930 vilima vilikuwa vimejaa. Wakoloni walikuwa wamechukua ardhi nzuri ya malisho tambarare, ng'ombe wakabanwa mitelemkoni, udongo ukaanza kuteremka na mvua. Dawa ya serikali ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba kwa miguu hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Serikali ililegeza kamba, lakini ikampeleka Muindi kizuizini Lamu. Baadaye ndipo ikaja fikra nyingine: watu wa vilimani wahamishiwe nyika ya Makueni, iliyokuwa na vichaka, mbung'o na vifaru wengi.

Vichaka vilifyekwa, mbung'o akakosa kivuli. Kwa upande wa vifaru aliitwa Hunter. Tarakimu 996 ni zake mwenyewe, na katika kitabu chake cha mwaka 1952 hakuficha kwamba alijiuliza kama ekari zile zilistahili bei hiyo. Mimi swali lake silipuuzi, ila naona limekaa upande mmoja. Kama watu wa Kilungu na Mbooni wasingekuwa wamebanwa vilimani kwa miaka arobaini, pengine asingeitwa mtu wa kufyatua risasi Makueni. Wala wenyewe hawakuikimbilia ardhi hiyo. Mwanzoni walisitasita, kwa sababu masharti yalikuwa mengi, ya idadi ya mifugo na ya namna ya kulima, na waliowahi kunyang'anywa ardhi hawaiamini zawadi.

Sasa tazama tarehe. Hunter alimaliza Oktoba 1946. Desemba ya mwaka huo huo Mbuga ya Taifa ya Nairobi ikatangazwa, na Aprili 1948 ikafuata Tsavo, yenye zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Serikali ni ile ile. Aliyezipigania mbuga hizi ni Mervyn Cowie, mhasibu aliyezaliwa Nairobi. Kuwaamsha walowezi aliandika barua gazetini kwa jina la kubuni, akipendekeza kwamba wanyama wote wauawe, na watu wakawaka kwa hasira kama alivyotaka. Alikuwa akitania. Makueni utani huo ulitekelezwa kweli miaka michache baadaye, na sijasoma popote kwamba wasomaji wale waliwaka.

Ndipo nchi ikagawanywa mafungu mawili, ya watu na ya wanyama, na barabara ya Mombasa ikawa mshono wake. Wawindaji Wakamba na Wawaata walijikuta nje ya nyika waliyoizoea. Kati ya 1956 na 1957 msimamizi wa Tsavo Mashariki, David Sheldrick, na wenzake waliendesha operesheni kubwa dhidi ya mishale ya sumu, na wengi wakaishia gerezani.

Hunter mwenyewe alihamia Kiboko, kiasi cha kilomita 160 kutoka Nairobi, akajenga nyumba ya wageni kando ya chemchemi. Wakati huo barabara ilikuwa ya vumbi na wasafiri walihitaji pa kupumzikia. Baada ya hapo walikuwa na Makindu, ambako hekalu la Masingasinga la mwaka 1926 humlisha kila apitaye bila kumwuliza dini yake. Mwaka 1962 Kilaguni ikafunguliwa, hoteli ya kwanza ndani ya mbuga ya taifa nchini Kenya. Ndege za kukodi kutoka Ulaya zilipoanza kuteremsha watalii Mombasa, mpango ukawa ule ule kwa miaka: siku kadhaa ufukweni, usiku mmoja au mbili Tsavo, kisha kurudi baharini.

Wakamba walipata njia yao ya kuingia kwenye biashara hiyo. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kutoka kwake ufundi ukaenea Ukambani, hadi ushirika wa wachongaji ukaanzishwa Mombasa mwaka 1963. Twiga na vifaru wa mpingo waliowekwa sebuleni Ulaya walitoka mikononi mwa watu ambao wazazi wao walikatazwa kumgusa mnyama hai.

Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini ujangili wa bunduki haukusoma gazeti la serikali. Kenya, iliyokadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000 mwaka 1970, ilibaki na chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya miaka hiyo ilibidi wazungushiwe uzio wa umeme Ngulia, Tsavo Magharibi.

Tangu Mei 2017 abiria wa treni mpya hupita Emali na Kibwezi, wakafika Tsavo wakiwapiga ndovu picha dirishani, kama Roosevelt lakini ndani ya kiyoyozi. Kilungu iko upande mmoja wa dirisha hilo, na hakuna anayeionyesha kidole. Madereva na waongoza watalii, mkipita Salama waonyesheni wageni vilima vile, muwaambie walikotoka watu wa Makueni na kilichofanywa ili wapate pa kulima. Leo Kenya nzima ina vifaru weusi wapatao 1,000, karibu sawa na walioangushwa na bunduki ya Hunter Makueni kwa miaka miwili na ushei.