Mfumo wa kudhibiti utelezi wa magurudumu

Ni mtambo wa kielektroniki unaozuia magurudumu yanayosukuma gari yasizunguke bure dereva anapokanyaga mafuta penye utelezi. Toyota huuita TRC. Kwa watengenezaji wengine ni TCS au ASR. Ulienea kuanzia miaka ya 1980, baada ya breki za ABS, zinazozuia magurudumu kuganda, kuingia sokoni mwaka 1978, na hadi leo hutegemea vifaa vya breki hizo. Sensa husoma mwendo wa kila gurudumu. Moja likionekana linakimbia kuliko wenzake, kompyuta hupunguza nguvu ya injini na kulishika breki, na hapo difu hupeleka msukumo upande wa pili, kwenye tairi ambayo bado inashika ardhi.

Taa yake kwenye dashibodi ina picha ya gari lenye mistari miwili iliyojipinda chini yake. Dereva anapofungua swichi, huwaka sekunde chache kisha huzimika. Isipowaka kabisa, pana jambo. Ikimweka gari likiwa kwenye mwendo, mfumo uko kazini: punguza mafuta. Wengi hapo hudhani gari limeharibika. Ikiwaka moja kwa moja, ama mfumo umezimwa kwa kitufe ama una hitilafu. Breki za kawaida hubaki, ila taa ya ABS ikiwaka pamoja nayo, ukifunga breki ghafla magurudumu yanaweza kuganda.

Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania, mvua iletayo utelezi huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Mei. Lami imepunguza adha ya njia kuu ya kwenda Nyakanazi, lakini ukiacha lami kuingia vijijini unakutana na udongo mwekundu, ambao ukilowa hujaa kwenye meno ya tairi hadi ikawa kama kipara. Kwenye tope zito mfumo wenyewe huwa kikwazo: dereva anakanyaga, kompyuta inakata nguvu, gari linazidi kuzama. Hapo uzime, toka taratibu, kisha uuwashe tena.

Hitilafu nazo huanzia hapo: tope likikauka kwenye habu laweza kuvuta waya wa sensa au kuifunika. Beringi yenye sumaku ikifungwa kinyume, sensa haisomi kitu. Tairi za saizi tofauti nazo huidanganya kompyuta. Kwenye Toyota nyingi taa hii huwaka pia pamoja na ile ya injini, ilhali ubovu uko kwenye injini na magurudumu hayana kosa. Kwa hiyo fundi asome kwanza kodi za hitilafu kwa mashine kabla ya kununua sensa.

Land Cruiser nyingi za 70, zilizozoeleka kwenye misafara ya kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, hazina mfumo huu. Baadhi zina loki ya difu, inayoyalazimisha magurudumu ya pande mbili kuzunguka pamoja, ambayo dereva huiweka mwenyewe kabla ya kuingia topeni na kuitoa akifika pakavu.