Kugeuza wakati wa kimataifa kuwa saa ya mtumiaji: Kuongeza tatu hakutoshi

TARAKILISHI inaweza kuandika kwamba malipo yalipokelewa Juni 30 saa 22:00, ilhali Mkenya aliyelipa anajua fika kwamba alibonyeza kitufe Julai 1, saa saba za usiku. Wote wawili wamesema kweli. Mtambo ulihesabu kwa wakati wa kimataifa, naye mlipaji akatazama saa ya ukutani kwake.

Pale ambapo kanuni inataka shughuli ikamilike kabla ya Juni 30 kwisha, saa hizo tatu ndizo huamua nani aliwahi na nani atatozwa faini. Kwa sababu hiyo, kugeuza wakati wa kimataifa kuwa saa ya mahali alipo mtumiaji ni miongoni mwa kazi ambazo mtayarishaji wa programu hapaswi kuzifanya kwa kukisia.

ASILI YA WAKATI WA KIMATAIFA

Msingi wa hesabu hii uliwekwa Oktoba 1884, wajumbe wa mataifa 25 walipokutana jijini Washington, Marekani. Wengi wao waliafikiana kwamba mstari wa longitudo unaopita Greenwich, London, uhesabiwe kuwa sufuri. Kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kila nyuzi 15 ni sawa na saa moja.

Siku hizi kipimo kinachotumika ni UTC, ambacho hutegemea saa za atomu. Herufi hizo tatu hazilingani na jina lake kamili la Kiingereza wala la Kifaransa. Zilichaguliwa kama maafikiano ili lugha moja isiipiku nyingine.

Kenya iko saa tatu mbele ya UTC, sawa na Uganda, Tanzania, Somalia na Ethiopia. Rwanda, Burundi na Sudan Kusini ziko saa mbili mbele. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ina saa mbili tofauti: Kinshasa iko saa moja mbele ya UTC, na Lubumbashi saa mbili. Hivyo basi, hata ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna saa moja inayowafaa raia wote.

Ndani ya tarakilishi, wakati aghalabu huhifadhiwa kama idadi ya sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970, saa sita za usiku kwa UTC. Jijini Nairobi, wakati huo ilikuwa saa tisa za usiku. Ndiyo maana ukurasa wenye hitilafu huonyesha tarehe ya ajabu ya Januari 1, 1970, saa 03:00. Maana yake ni kwamba mahali pa wakati palikuwa na sufuri, yaani hapakujazwa chochote.

KOSA LA KUONGEZA TATU

Kwa kuwa Kenya haisogezi saa zake kulingana na misimu, watayarishaji wengi wa programu huona njia fupi ni kuongeza tatu kwenye kila saa iliyohifadhiwa. Njia hiyo ina mitego kadhaa.

Mtego wa kwanza ni kuongeza mara mbili. Seva ikiwa tayari imewekwa saa za Nairobi, na programu nayo ikaongeza tatu, mtu aliyelipa saa tatu na nusu usiku wa Juni 30 ataonyeshwa kana kwamba alilipa Julai 1, saa sita na nusu za usiku. Huyo atakuwa amechelewa kwenye karatasi tu.

Mtego wa pili ni wasomaji walio ng'ambo. Mashabiki wa soka ya Uingereza wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Mechi inayoanza saa 15:00 jijini London huonekana Kenya saa kumi na moja jioni mwezi Septemba, lakini mwezi Desemba huonekana saa kumi na mbili. Saa za Kenya hazikubadilika. Waingereza ndio waliorudisha zao nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Vivyo hivyo, Mkenya aliye New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa nane wakati wa baridi na saa saba wakati wa kiangazi.

Mtego wa tatu ni historia. Kenya yenyewe haikuwa na tofauti ya saa tatu daima. Katika enzi ya ukoloni iliwahi kutumia saa mbili na dakika 30 mbele ya Greenwich, na baadaye saa mbili na dakika 45. Anayeshughulikia kumbukumbu za zamani hawezi kutumia tofauti ya leo kuhukumu saa za wakati huo.

Kwa ufupi, tofauti ya saa ni uamuzi wa serikali, na uamuzi hubadilika. Sudan ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja Novemba 1, 2017. Sudan Kusini ikafanya vivyo hivyo Februari 1, 2021. Samoa iliruka siku nzima ya Desemba 30, 2011, ili ihamie upande wa pili wa mstari wa tarehe.

DAFTARI LA MAENEO YA SAA

Mabadiliko hayo yote hukusanywa katika hifadhidata moja inayotumiwa na simu, seva na tarakilishi kote duniani. Kazi hiyo ilianzishwa katika miaka ya 1980 na Arthur David Olson, ikaendelezwa na Paul Eggert, na tangu 2011 imekuwa chini ya IANA, shirika linaloratibu majina na nambari za intaneti.

Hifadhidata hiyo huyataja maeneo kwa majina ya miji, kama vile Africa/Nairobi, Africa/Juba na Europe/London. Kila jina hubeba historia ya saa za eneo hilo pamoja na kanuni zake za sasa. Majina haya ni bora kuliko vifupisho, kwani kifupisho IST, kwa mfano, hutumika India, Israel na Ireland.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, tukio lililokwisha kutokea lihifadhiwe kwa UTC. Likiandikwa kwa mfumo wa kimataifa litaonekana hivi: 2024-06-30T22:00:00Z. Herufi Z mwishoni hutangaza kwamba hiyo ni UTC. Bila alama hiyo, atakayeisoma saa hiyo baadaye hatajua ni ya wapi.

Pili, eneo la mtumiaji litambuliwe kwa jina. Kivinjari chaweza kuulizwa kwa JavaScript:

Intl.DateTimeFormat().resolvedOptions().timeZone

Kwa simu iliyowekwa saa za Nairobi, jibu litakuwa Africa/Nairobi. Hata hivyo, ni vyema mtumiaji apewe nafasi ya kuchagua mwenyewe, maana msafiri aliye Dubai huenda bado anataka kuona saa za nyumbani.

Tatu, ugeuzaji ufanywe mwishoni kabisa, pale saa inapoonyeshwa, wala si katikati ya hesabu. Lugha nyingi za programu zina zana za kazi hiyo. Katika Python, tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, mstari mmoja unatosha:

wakati.astimezone(ZoneInfo("Africa/Nairobi"))

Hapa neno "wakati" ni jina la thamani iliyohifadhiwa, ambayo lazima iwe tayari imetambulishwa kuwa ni ya UTC. Java ina java.time tangu toleo la 8 la mwaka 2014, na PHP ina DateTimeZone.

Nne, saa inayoonyeshwa iandamane na maelezo kama "saa za Afrika Mashariki", hasa panapokuwa na makataa.

PALE AMBAPO UTC HAIFAI

Kanuni ya kuhifadhi kila kitu kwa UTC ina vighairi viwili.

Cha kwanza ni tarehe isiyokuwa na saa, mathalani siku ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa Mei 12 akiandikwa kuwa alizaliwa Mei 12 saa sita za usiku kwa saa za Nairobi, UTC itahifadhi Mei 11 saa 21:00. Atakayechukua tarehe pekee atampunguzia mtoto huyo siku moja, na cheti chake hakitaafikiana na sajili. Tarehe ya namna hiyo ihifadhiwe kama tarehe tu.

Cha pili ni miadi ya siku zijazo. Tuseme mkutano wa Juba uliratibiwa Desemba 2020 ufanyike Februari 10, 2021, saa tatu asubuhi. Kwa hesabu ya wakati huo, UTC ilikuwa 06:00. Sudan Kusini iliporudisha saa nyuma, 06:00 hiyo ikawa saa mbili asubuhi mjini Juba. Ratiba iliyohifadhi UTC pekee ingewafikisha wajumbe saa moja mapema. Kwa miadi, yafaa kuhifadhi saa ya ukutani pamoja na jina la eneo, kisha UTC ikokotolewe siku inapokaribia.

SAA YA KISWAHILI

Kwa tovuti ya Kiswahili, kazi haiishii kwenye saa za Nairobi. Msomaji huhesabu saa tangu mapambazuko, kwa hivyo 07:00 ni saa moja asubuhi. Ili kuipata, chukua saa ya Nairobi katika mfumo wa saa 24, ongeza sita, gawanya kwa 12 na ushike baki. Baki likiwa sufuri, andika 12. Saa 18:00 huwa 24, baki ni sufuri, basi ni saa kumi na mbili jioni.

Hapa pana hatari ya pekee. Kuongeza tatu kisha kutoa sita ni sawa na kutoa tatu. Kwa hivyo mtu aliyekosea akatoa tatu kutoka UTC badala ya kuongeza, atapata nambari ile ile ya saa ya Kiswahili. UTC ikiwa 15:00, atapata 12, na kweli Nairobi ni saa kumi na mbili jioni. Nambari itampendeza mhariri, lakini tarehe na majira ya siku vitakuwa vimeharibika.

Aidha, usiku wa manane huhitaji uangalifu. Tukio la saa 22:00 ya Jumatatu kwa UTC lilitokea Nairobi saa saba usiku wa kuamkia Jumanne. Kuandika "Jumatatu usiku" kutampotosha msomaji.

Jaribio jepesi la programu yoyote ya aina hii ni kuipa saa zilizo kati ya 21:00 na 24:00 kwa UTC katika siku ya mwisho ya mwezi, kisha kuipa tarehe za kabla na baada ya Oktoba kwa msomaji aliye London. Ikitoa tarehe sahihi Nairobi na saa sahihi London, imepita mitego iliyo mikubwa. Ikishindwa, irekebishwe kabla ya makataa kufika, kwa maana mwananchi anayetozwa faini hatajua kwamba kosa lilikuwa la hesabu ya mtambo.