Bagamoyo na Dar es Salaam: Mji Ulioachwa na Mji Uliohamiwa

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu, na aliyebanwa na kazi anaweza kuiona miji yote miwili wikiendi moja: Jumamosi Posta, Jumapili daladala ya Bagamoyo. Mengi yatampita. Hata hivyo nawashauri watu waende hivyo hivyo, kwa mkupuo, kwa sababu historia ya mji mmoja imo ndani ya mwenzake.

Anzia Boma la Kale, jirani na bandari ya Dar. Lilijengwa miaka ya 1860, enzi za Sultan Majid wa Zanzibar, lipate kupokea wageni wake. Sogea karibu na ukuta uone matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, boriti za mikoko, na mlango wa nakshi. Majid alipapenda hapa, Mzizima kama palivyoitwa wakati huo, kwa ajili ya bandari yake iliyojificha. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash aliupa mji kisogo, na majengo mapya yakaanza kuwa magofu.

Wakati huo mji ulikuwa Bagamoyo. Misafara kutoka Ujiji kupitia Tabora iliishia pale, wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na pamoja nao watu waliotiwa utumwani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 na kuwapa makao waliokombolewa. Februari 1874 Chuma na Susi, watumishi wa msafiri Livingstone, pamoja na wenzao waliufikisha hapo mwili wake, baada ya miezi mingi ya kuubeba kutoka bara.

Wajerumani nao walifanya makao yao Bagamoyo. Pwani ikawaka moto wa uasi dhidi yao mwaka 1888 chini ya Bushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishiwa Dar.

Kwa nini? Nenda ufukweni Bagamoyo, pale soko la samaki, maji yakiwa yamekupwa. Mashua zimelala ubavu juu ya mchanga, na watu wanatembea mbali baharini maji yakiwaishia magotini. Jahazi halikuona tabu: liliingia na maji yakijaa, likasubiri. Meli ya mvuke ilibidi itie nanga mbali, na mzigo uletwe kwa mashua. Dar, ukishapita mlango mwembamba wa bandari, unakuta kina na utulivu. Hilo ndilo lililoamua. Kisha reli ya kati ikaanza kujengwa mwaka 1905 kutoka Dar, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ilifuata kwa sehemu kubwa njia ile ile ya misafara, ila mwisho wake haukuwa tena Bagamoyo, na kazi ya upagazi ikafa.

Tusimsahau Sewa Haji. Alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo aliyewapatia wasafiri wa bara bidhaa na wapagazi, akatajirika, na kabla ya kufariki mwaka 1897 akatoa mali yake kujenga hospitali Dar es Salaam. Huko ndiko Muhimbili ilikoanzia, na jina lake limebaki kwenye jengo la wodi. Kwangu mimi yeye ni mmoja wa waasisi wa Dar, na fedha yake ilitoka Bagamoyo.

Wakazi wengi wa Dar huijua Bagamoyo kwa hoteli za ufukweni. Ukiwa na nusu siku tu, acha kuogelea, tembea Mji Mkongwe. Baadhi ya nyumba za mawe za wafanyabiashara wa enzi hizo zimebaki kuta bila paa, na matumbawe yakinyeshewa miaka mingi hubomoka. Wenye nyumba hizo, halmashauri na wahifadhi wa mambo ya kale, tafadhali ziezekeni kabla ya masika mengine.