Kutoka Tarumbeta Hadi Bando

Wengi wetu tunalijua gari la amri kupitia filamu za Marekani. Ni lile gari kubwa linaloegeshwa kando ya moto au jengo lililoanguka, ndani limejaa simu za upepo, ramani na skrini, na mkuu wa operesheni amekaa katikati. Ni ofisi yenye magurudumu. Kazi yangu ya uandishi wa habari imenifanya nijiulize gari hili limetoka wapi, kwa sababu kila likitokea janga hatukosi mtu wa kusema kwamba tatizo letu ni vifaa.

Wadau, nilichokikuta kwenye historia yake ni hiki: kila zama, gari hilo limebeba kile kilichokosekana kwenye janga lililopita. Halafu janga linalofuata linakuja kudai kitu kingine.

Tuanze mbali kidogo. Karne ya 19, mkuu wa zimamoto katika miji ya Marekani alitoa amri kwa mdomo, akikuza sauti kwa tarumbeta ya chuma. Hadi leo maofisa wa zimamoto kule huvaa beji zenye alama ya tarumbeta. Sauti ilipoishia, na amri iliishia hapo. Tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906 lilionyesha hatari ya mfumo huo. Mkuu wa zimamoto wa jiji, Dennis Sullivan, alijeruhiwa mwanzoni kabisa na akafariki siku chache baadaye. Kengele za moto na simu zikakatika, mabomba ya maji yakapasuka, na mji ukaungua kwa siku kadhaa.

Redio ikaja kuirefusha sauti. Mwaka 1928 polisi wa Detroit walianza kupokea matangazo ndani ya magari yao, ingawa askari aliweza kusikia tu, kujibu hakuweza. Miaka ya 1930 zikaja redio za kusema na kujibu, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikawa za kubeba mkononi. Ungedhani mchezo umekwisha.

Kumbe bado. Mwaka 1970 California iliungua kwa siku 13. Watu 16 walikufa, majengo zaidi ya 700 yaliteketea pamoja na zaidi ya ekari nusu milioni. Vikosi vilikuwepo vingi, na redio zilikuwepo. Lakini kila kikosi kilikuwa na masafa yake, vyeo vyake na hata msamiati wake. Mkuu wa huku hakuweza kumpata mkuu wa kule, na hata akimpata, hawakuelewana. Tiba ilitoka kwenye mradi ulioitwa FIRESCOPE, na sehemu yake kubwa ilikuwa makubaliano: nani anaongoza, vyeo vinaitwaje, maneno gani yatumike. Mfumo huo wa amri sasa unatumika Marekani nzima. Mimi hapa ndipo nilipokaa nikafikiri sana, maana uvumbuzi mkubwa kuliko yote katika historia hii ulihitaji karatasi kuliko umeme.

Halafu New York, tarehe 11 Septemba 2001. Jiji lilikuwa na kituo cha kisasa cha kusimamia dharura, kilichofunguliwa mwaka 1999 kwenye ghorofa ya 23 ya jengo namba 7 la World Trade Center. Asubuhi ile kikabidi kihamwe, na jioni jengo lenyewe likaanguka. Mtambo wa kukuza mawimbi ya simu za upepo za zimamoto ulikuwepo pale pale, ukiwa umewekwa baada ya bomu la mwaka 1993. Ulihitaji vitufe viwili vibonyezwe. Kikabonyezwa kimoja. Wakuu waliokuwa ukumbini, mnara wa kaskazini, wakaamini mtambo ni mbovu, wakauacha. Helikopta za polisi ziliona juu kwamba mnara unakaribia kuanguka, lakini onyo hilo halikuwafikia wakuu wa zimamoto. Mmoja wa wakuu hao alieleza baadaye kwamba watu waliokuwa nyumbani mbele ya televisheni walijua mengi kuliko wao. Wazimamoto 343 walikufa.

Baada ya hapo fedha zilimwagika. Magari ya amri yakaongezewa kamera, setilaiti na intaneti, ili mkuu aone na siyo kusikia tu. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kujenga mtandao maalumu wa vikosi vya uokoaji, FirstNet, na mwaka 2017 kazi ikapewa kampuni ya AT&T.

Sasa hebu soma hii. Mwaka 2018, California ikiwa inaungua tena, zimamoto wa wilaya ya Santa Clara walikuwa na gari la kuratibu vikosi lililotegemea intaneti ya Verizon. Katikati ya moto, kasi ikashuka hadi kama moja ya mia mbili ya kawaida. Sababu? Bando! Walikuwa wamevuka kiwango cha kifurushi chao, na walipolalamika wakaelekezwa kwenye kifurushi cha bei ya juu. Kampuni ilikiri baadaye kwamba ilikosea. Gari lilikuwa zima, dereva yupo, skrini zinawaka, ila taarifa haziendi.

Nikirudi nyumbani, nakumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikiwa na watu 43, na 19 wakafa. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hata tungekuwa na gari la amri la mamilioni ya dola pale ufukweni, lingezungumza vipi na mtumbwi ambao haumo kwenye redio ya mtu yeyote?

Kwa hiyo siku tutakapoonyeshwa gari jipya limefungwa utepe, sisi waandishi tusiishie kuhesabu skrini. Tuulize nani mwingine anasikia redio yake. Tuulize litafanyaje mnara wa simu ukianguka, na polisi, zimamoto, hospitali na wavuvi walikaa lini wakakubaliana nani anaongoza.

Mnasemaje, wadau?