Ukomo Uliowekwa na Bunge

Mwezi Agosti 1996, kliniki za uzazi nchini Uingereza zilitoa viinitete kwenye mitungi ya naitrojeni na kuviacha viyeyuke. Zaidi ya 3,000 viliteketezwa hivyo, na havikuwa vimeharibika. Sheria ya mwaka 1990 iliruhusu kiinitete kihifadhiwe miaka 5 tu, na kwa kuwa ilianza kutumika Agosti 1, 1991, muda ulikuwa umekwisha. Miezi michache kabla, kanuni mpya zilikuwa zimeruhusu hadi miaka 10, ila kwa ridhaa ya maandishi ya mwanamke na mwanamume waliovichangia. Wengi walikuwa wamehama, wengine hawakujibu barua.

Miaka hiyo 5 haikutoka maabara. Katika nyuzi 196 chini ya sifuri karibu kila kitu ndani ya seli husimama; hatari iko katika kugandisha na kuyeyusha, si katika kukaa. Kamati ya Mary Warnock, iliyoishauri serikali kuhusu teknolojia ya uzazi, ilitoa ripoti yake mwaka 1984, mwaka uleule alipozaliwa Melbourne mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa, kwa hiyo haikuwa na uzoefu wa kutegemea. Ilipendekeza miaka 10 kwa tahadhari, tena ikihofia ugomvi wa kisheria. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: mwaka 1983 mume na mke walikufa katika ajali ya ndege wakiacha viinitete viwili hukohuko Melbourne, pamoja na mali nyingi, na watu wakaanza kuulizana kama viinitete hurithi. Bunge likaipunguza 10 hadi 5. Kwa maoni yangu, ulikuwa ukomo wa wanasheria uliovishwa koti la daktari.

Wapo watakaosema kwamba bila ukomo mitungi itajaa viinitete visivyo na mwenyewe, na wanandoa wataahirisha uamuzi maisha yao yote. Hoja hii ina uzito. Lakini dawa yake ni kuwauliza wenyewe mara kwa mara, kwa sababu kalenda haijui nani bado anataka mtoto. Kesi ya Natallie Evans ilionyesha nguvu ya ridhaa: mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa ombi lake la kutumia viinitete ambavyo mwenzake wa zamani hakuridhia tena. Uamuzi huo ulikuwa mchungu, maana mayai yake mengine hayakuwapo tena, lakini angalau aliyesema hapana alikuwa mtu, si tarehe.

Uingereza ilichelewa kulikubali hilo. Mwaka 2009 miaka 55 iliruhusiwa, ila kwa waliokuwa wamepoteza au wangepoteza uwezo wa kuzaa mapema. Wengine walibaki na 10. Tangu Julai 1, 2022 wagonjwa wote wanaweza kuhifadhi hadi miaka 55, mradi wathibitishe ridhaa yao kila baada ya miaka 10. Asiyejibu bado hupoteza viinitete vyake, lakini kwanza kliniki inawajibika kumtafuta.