Thika: reli ilitangulia lami

Wasomaji wangu, hapa Landless ukitaja safari ya Nairobi, mtu anawaza matatu. Lakini reli ilifika Thika mwaka 1913, ikijengwa kubeba mazao ya walowezi. Miaka 99 baadaye, Novemba 2012, ikafunguliwa Thika Superhighway: kilomita 50 hivi, njia 8 kwa sehemu, wala hakukuwa na hata moja iliyotengewa mabasi.

Sisi waandika programu tunaujua ugonjwa huu. Programu mbovu ukiiongezea memori, inaijaza tu. Barabara pana nayo huita magari zaidi, kisha matatu ya abiria 14 inakwama nyuma ya gari la mtu mmoja.

Basi, kabla ya lami nyingine, mabasi yapewe njia yao na treni ratiba ya kuaminika. Mwaonaje?